Usioshe Yai Kabla ya Kuliweka: Namna ya Kusafisha na Kuhifadhi Mayai ya Kuku wa Nyumbani Hapa Pwani



Mwaka mmoja, siku mbili kabla ya Idd-ul-Fitr, jirani yangu alibisha hodi kwangu baada ya tarawehe akiwa na bakuli kubwa amelifunika kwa kitambaa. Ni mama mtu mzima, na mtaani kwetu hapa Kisauni, Ramadhani ikifika kumi la mwisho jiko lake halizimwi. Watu humpa oda za mkate wa mayai, na hiyo ndiyo riziki anayoitegemea sana. Mayai alikuwa amenunua kwangu, trei mbili.

Alifunua bakuli. Harufu ilinijibu kabla hajasema neno. Alikuwa ameshavunja mayai kumi na moja, la kumi na mbili likatoka viza na kumwagikia yale mazuri. Sukari ilikuwa imeshaingia, na hiliki pia. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwanangu, mayai yako nje yang'aa, ndani yameoza. Umeyafanyaje?"

Nilimlipa trei zake mbili na sukari yake, lakini oda ya usiku ule ilimpotea, na kwa miezi kadhaa hakuna mtu mtaani aliyenunua yai kwangu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nina stashahada ya usimamizi wa hoteli, na nimefanya kazi ya ghala la chakula kwa miaka. Mayai nimeyahesabu kwa maelfu. Lakini ya hotelini yalishuka kwenye gari na kuingia moja kwa moja katika chumba cha baridi, nami sikuwahi kujiuliza kwa nini. Nilipoanza kufuga kuku kumi na wanane nyuma ya nyumba, nilitaka mayai yangu yapendeze kama ya dukani. Nikayaosha kwa maji baridi ya mfereji na sabuni, nikayapanga yakiwa bado na unyevu ndani ya ndoo ya plastiki yenye kifuniko, ndoo nikaiweka jikoni. Yakakaa siku tisa, tena wakati wa joto. Kila hatua hapo ilikuwa kosa. Leo nataka kuyaeleza makosa hayo moja moja, maana naona nyumba nyingi za Pwani zikiyarudia.

Kaka la yai lina vitundu

Tukilitazama kaka la yai twadhani ni kitu kilichozibwa kabisa. Sivyo. Lina vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, maelfu kwa maelfu katika yai moja. Kupitia humo kifaranga angevuta hewa kama yai lingeatamiwa. Na kupitia humo humo vijidudu vyaweza kuingia.

Mwenyezi Mungu hakuliacha yai wazi. Kuku anapotaga, yai hutoka likiwa na majimaji juu yake, ambayo hukauka baada ya dakika chache na kubaki kama utando mwembamba sana. Utando huo huziba vile vitundu, huzuia vijidudu kuingia na hupunguza maji ya ndani yasikauke haraka. Ukiliosha yai, hasa kwa kusugua, utando huo waondoka.

Maji baridi yana hatari ya ziada. Yai lililo na joto likitiwa katika maji ya baridi, vilivyomo ndani husinyaa kidogo. Vikisinyaa, yai huvuta kutoka nje kupitia vitundu, na kinachovutwa ni yale maji machafu unayooshea. Kwa hiyo niliposugua mayai yangu katika besheni moja la maji ya mfereji, nilikuwa nikiuchukua uchafu wa nje na kuusaidia uingie ndani.

Watu huniuliza, mbona mayai ya Marekani huoshwa? Ni kweli, huko mayai ya biashara huoshwa kwa mashine na maji ya moto, kisha huwekwa kwenye baridi hadi yafike kwa mnunuzi. Katika nchi nyingi za Ulaya ni kinyume chake: mayai ya daraja la kwanza hayaoshwi, na ndiyo maana utayakuta madukani kwenye rafu za kawaida. Njia zote mbili zina mantiki yake. Ama uuache utando ulinde yai, ama uuondoe na baridi ichukue kazi ya kulinda. Tatizo letu ni kuchanganya: twaosha kama Mmarekani, kisha twaacha mezani kama Mzungu wa Ulaya. Hapo yai halina mlinzi hata mmoja.

Na najisi je?

Hapa mama yangu mzazi aliniuliza swali ambalo msomaji Mwislamu bila shaka analo. "Sasa wataka tukae na mavi ya kuku ndani ya nyumba, jikoni, na sisi twaswali?"

Swali lake ni la haki. Sisi wengi wa Pwani twafuata madhehebu ya Imam Shafi, na katika madhehebu hayo kinyesi ni najisi hata kikiwa cha mnyama anayeliwa. Yai lenye kinyesi halifai kutiwa hivyo hivyo katika sufuria ya kuchemshia, wala kuvunjwa juu ya bakuli la unga. Lakini nilimweleza mama kwamba tahara yahitajika wakati wa kutumia. Hakuna anayelazimika kuosha yai siku litagwapo ilhali atalila wiki ijayo. Liweke mahali pake mbali na vyombo na nguo, na siku ya kupika lioshe vizuri kwa maji yanayotiririka, likaushe, ulivunje. Utando ukiondoka dakika hiyo hauna hasara, kwani yai laingia chunguni. Mama aliridhika, lakini akatoa sharti: mayai yasikae pamoja na sahani zake. Tukayatafutia kapu lake.

Yai safi huanza katika kiota

Nimejifunza kwamba mwenye kuosha mayai mengi ana kasoro katika banda. Kuku hatagi yai chafu, lachafukia kiotani. Haya ndiyo niliyobadilisha kwangu, na sasa katika mayai kumi huwa ninalazimika kuhangaika na moja tu.

Kwanza, viota vya kutosha. Kiota kimoja kwa kuku wanne au watano chatosha. Vikiwa vichache, kuku hugombania na mayai huvunjika. Kiota kiwe na kiza kidogo, kuku apenda faragha.

Pili, fito za kulalia ziwe juu kuliko viota. Kuku hupenda kulala mahali pa juu kabisa. Kiota kikiwa ndicho cha juu watalala humo, na usiku kucha watakinyea.

Tatu, matandiko makavu. Nyasi kavu au maranda ya seremala yafaa. Badilisha kila yanapochafuka, na wakati wa masika hata mara mbili kwa wiki, kwa sababu kuku huingia na miguu yenye matope. Mlangoni pa banda weka changarawe au mchanga wa kujifutia miguu.

Nne, okota mayai mapema na mara nyingi. Kuku wengi hutaga asubuhi hadi adhuhuri. Mimi huokota saa nne, baada ya swala ya adhuhuri, na tena alasiri. Yai lililolala kiotani hadi magharibi limeshakanyagwa, limeshapata joto, na pengine limeshapata mwenye kulidonoa.

Tano, kaka gumu. Yai lenye kaka jembamba hupasuka hata kwa kuguswa, na yai lenye ufa halihifadhiki. Sisi wa Pwani tuna bahati. Makome na maganda ya chaza yaliyosagwa humpa kuku madini ya kujengea kaka, nayo yapatikana ufuoni. Yaoshe, yakaushe, yaponde, yaweke katika chombo chake. Kuku atadonoa kadiri ya haja yake.

Yai lenye uchafu, ufanyeje?

Panga mayai yako mafungu matatu mara tu unapoyaokota.

Fungu la kwanza ni masafi. Haya usiyaguse kwa maji. Yaweke moja kwa moja.

Fungu la pili lina uchafu mdogo mkavu: doa, unyoya, vumbi la maranda. Yasafishe makavu. Tumia kitambaa kikavu kigumu, brashi laini, au kipande cha msasa laini, usugue pale penye doa tu kwa mkono mwepesi. Usizunguke yai zima, maana utauondoa utando wote.

Fungu la tatu limepakaa kinyesi au kiini cha yai jingine lililovunjika. Haya ndiyo ya kuosha, na uyaoshe hivi. Tumia maji ya moto ambayo mkono wavumilia, karibu nyuzijoto 40 hadi 45. Muhimu ni maji yawe na joto kuliko yai lenyewe, na hapa kwetu yai la mezani huwa tayari limekaribia 30. Mimina maji juu ya yai au liweke chini ya mfereji wa maji moto. Usiliroweke katika besheni pamoja na mengine. Sugua upesi, likaushe hapo hapo kwa kitambaa safi au karatasi, kisha liingie kwenye friji au liingie kwenye sufuria siku hiyo hiyo. Yai lililooshwa halingoji mezani.

Sabuni yenye manukato iache, kwani yai huvuta harufu. Siki pia usiyaroweke mayai ndani yake, kwa sababu hulila kaka. Na yai lenye ufa linalovuja, au lililozungukwa na kinyesi pande zote, usihangaike nalo. Lifukie.

Na kabla ya kugusa kitu kingine, nawa mikono kwa sabuni. Hasa watoto, ambao hupenda kuokota mayai na kisha kutia vidole mdomoni.

Kuhifadhi bila friji

Najua si kila nyumba ina friji, na zilizo nazo stima hupotea. Basi tuanze na asiye nayo.

Adui wa yai ni joto. Yai linapokaa, maji na hewa ya ndani hupungua kupitia vile vitundu, ute huwa mwepesi, na ile nafasi ya hewa iliyo upande butu wa yai hukua. Kila joto likizidi, mambo hayo huenda mbio. Kwa joto letu la Kaskazi, ambapo mchana hupita nyuzijoto 30, kanuni yangu ni siku saba tu kwa yai ambalo halikuoshwa. Wakati wa Kusi kukiwa na ubaridi huongeza siku chache, lakini sizidishi wiki mbili.

Chagua mahali penye kivuli na hewa: sakafuni katika chumba cha ndani ni bora kuliko juu ya kabati, kwani joto hupanda juu. Kapu la ukili au trei ya karatasi ni bora kuliko ndoo ya plastiki, ambayo hufunga unyevu ndani na kuotesha ukungu. Weka mbali na jiko, dirisha la jua, vitunguu, samaki mkavu na mafuta ya taa. Upande uliochongoka uwe chini na butu uwe juu, ili hewa ikae mahali pake na kiini kibaki katikati. Andika tarehe juu ya kaka kwa penseli, na kila siku utumie la zamani kwanza.

Iko pia njia ya kupaka mafuta. Yai safi ambalo halikuoshwa, likipakwa mafuta ya kula safi ndani ya siku moja tangu kutagwa, hudumu zaidi kwa sababu mafuta huziba vitundu. Pakaa kidogo tu kwa viganja, mafuta yasiwe yamechacha. Yai lenyewe liwe kavu kabisa, la sivyo utafungia unyevu ndani.

Wazee walikuwa pia na njia ya kuyatia mayai katika maji ya chokaa. Njia hiyo ilitumika sana duniani kabla ya friji, lakini sikushauri uifanye na chokaa ya kupakia nyumba ya dukani, kwa sababu hujui imechanganywa na nini.

Jambo la jogoo

Hili ndilo wengi hawalijui. Kama una jogoo bandani, mayai yako mengi yana mbegu. Kwa kuatamiwa, yai huhitaji karibu nyuzijoto 37.5 kwa siku 21. Lakini kukua hakungoji joto hilo lote. Joto la mchana wa Pwani latosha kuiamsha mbegu, ikakua kidogo bila mpango, kisha ikafa. Yai la namna hiyo huoza upesi. Naamini baadhi ya mayai niliyomuuzia jirani yalikuwa hivyo, kwani nilikuwa na jogoo wawili na kuku mmoja aliyekuwa akiyalalia mchana.

Anayefuga kwa mayai ya kula na kuuza hahitaji jogoo. Kuku hutaga bila yeye. Anayetaka vifaranga amtenge jogoo na matembe wake, na koo anayeatamia apewe mahali pake peke yake.

Kuhifadhi kwenye friji

Kwenye friji yenye nyuzijoto 4 au 5, yai hudumu wiki tatu hadi tano bila wasiwasi. Liweke ndani, kwenye rafu. Pale mlangoni penye vishimo vya mayai ndipo pabaya zaidi, kwani kila ukifungua, yai hupigwa na joto na kutikiswa. Trei ifunike, lisivute harufu ya samaki.

Likishaingia baridini, lisitoke hadi siku ya kutumiwa. Yai baridi likitolewa katika hewa yetu yenye unyevu hutoa jasho, na maji yale juu ya kaka huwasaidia vijidudu kupenya. Lililokaa nje zaidi ya saa mbili usilirudishe, lipike. Ukinunua dukani yaliyokuwa kwenye baridi, nawe yaweke kwenye baridi.

Stima ikipotea, usifungue friji. Mlango ukiwa umefungwa, ubaridi hukaa kama saa nne.

Mayai yaliyochemshwa yadumu wiki moja kwenye friji, lakini nje ya friji ule siku hiyo hiyo. Kuchemsha huondoa utando na hakulifanyi yai lihifadhike zaidi, kinyume na wanavyodhani wengi.

Kulijaribu kabla ya kulila

Waswahili husema ukiona vyaelea, vimeundwa. Kwa yai ni kinyume: ukiona laelea, limeharibika, au limekaribia. Litie katika bakuli la maji. Likilala chini ubavu, ni jipya. Likisimama wima huku limegusa chini, limezeeka, litumie leo na ulipike likauke. Likielea, litupe. Lakini jaribio hili hupima uzee tu. Yai jipya laweza kuwa na vijidudu na likazama vizuri.

Tochi ya simu nayo yasaidia. Zima taa, shika yai upande butu juu ya mwangaza. Ukiona nafasi ndogo ya hewa na ndani kweupe, ni zuri. Ukiona mishipa au duara la damu, mbegu imeanza kukua. Ukiona kiza chote, usilivunje jikoni.

Na kanuni ya mwisho, ambayo jirani yangu huitumia hadi leo: vunja kila yai katika kikombe chake kwanza, ndipo umimine bakulini. Yai moja likiwa viza, utapoteza hilo moja.

Lipike

Kuna vijidudu viitwavyo salmonela ambavyo vyaweza kuwa juu ya kaka, na wakati mwingine ndani ya yai tangu halijatagwa. Huleta homa, kuumwa na tumbo na kuharisha, na kwa mtoto mchanga, mjamzito au mzee jambo hilo si dogo. Hakuna kuosha kunakoondoa kilichomo ndani. Dawa yake ni moto: pika hadi ute na kiini vigande vyote. Wale wanaokoroga yai bichi na asali au maziwa kwa kutafuta nguvu, nawaomba walifikirie tena.

Pia kuku akipewa dawa, soma karatasi yake. Dawa nyingi zina idadi ya siku ambazo mayai hayafai kuliwa wala kuuzwa. Kumuuzia mtu yai la siku hizo bila kumwambia ni kumdhulumu, hata kama halina harufu.

Kwa ufupi

Kiota kikavu, kuokota mara tatu, kupangusa makavu, kuosha kwa maji ya moto yale machafu tu na kuyatumia kwanza, tarehe kwa penseli, siku saba mezani au wiki tatu hadi tano baridini, kuosha yote yanapoingia jikoni, na kikombe cha kuvunjia.

Mwaka uliofuata, wiki moja kabla ya Idd, nilimpelekea jirani trei moja bila kuuza. Mayai yalikuwa na vumbi kidogo, mawili yalikuwa na alama za maranda, na yote yalikuwa na tarehe. Aliyatazama, akacheka, akasema, "Haya leo machafu, mwanangu." Nikamwambia ayaoshe mwenyewe siku ya kuoka. Siku mbili baadaye alimtuma mjukuu wake aje na pesa ya trei tatu.